Kompyuta Iliyokataa Kuharibika

Ubaya wa Linux, na haya yabaki hapa hapa, ni kwamba ikishakaa vizuri haina haja tena na fundi. Kuna wanaoliita jambo hilo sifa. Mchapaji wa duka la steshenari, lile lililo mkabala na mahakama, aliliita balaa, kwa sababu binti huyo alikuwa amempenda fundi mwenyewe.

Fundi huyo alikuja mara moja tu, enzi zile kompyuta ya dukani ilipokuwa ikiwashwa, mtu anakwenda kunywa chai, anarudi anaikuta bado inajikuna. Akauondoa mfumo wa zamani uliojaa virusi, akaweka Linux, huku akieleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayemsifia mchumba. Hii LibreOffice ndiyo utaandikia barua za wateja. Programu usipakue ovyo mtandaoni, zichukue humu ndani, kwenye duka la mfumo wenyewe. Na hii Timeshift inatunza sura ya mfumo ya kila siku, ukivuruga leo unarudi jana. Mchapaji aliitikia kila neno na hakushika hata moja. Kisha Fundi akafunga mkoba wake, akasema kwa fahari, "Mimi nikitengeneza sirudi." Mtaa mzima ulimjua kwa neno hilo.

Na kweli hakurudi. Mchapaji aliingoja kompyuta igome, nayo ikawa nzima kama ngarange. Iliwaka kabla hajavuta kiti. Akaanza kuichukia.

"Si ulisema nzuri?" aliuliza mama mdogo wake. Huyu ndiye mwenye duka; hukaa pembeni akijalidi vitabu vya watu kwa springi, na macho yake hayana kazi nyingine ila kumsoma huyu mtoto wa dada yake.

"Nzuri mno, mama mdogo. Ndiyo shida yenyewe."

"Mapenzi ni kikohozi," mama mdogo alijibu, akaendelea na springi zake.

Basi Mchapaji akaamua kuiharibu kwa mkono wake. Alianza kwa kuufuta upau wa chini, ule wenye saa na vitufe, kisha akampigia Fundi kwa sauti ya yatima. "Bofya kulia mahali patupu, chagua kuongeza upau," Fundi alisema bila hata kuvuta pumzi, na upau ukarudi. Siku nyingine akaing'oa LibreOffice nzima. Papo hapo akaingia mteja wa hati ya kiapo, ikabidi airudishe mwenyewe huku jasho jembamba likimtoka. Mara ya tatu alivuruga mambo mpaka skrini ikabaki nyeusi na maandishi meupe. Fundi alimtumia kwa simu mstari mmoja wa amri ya Timeshift, na kompyuta ikaamka katika hali ya jana, nzima, haina hata kinyongo.

Hapo Mchapaji akang'amua kwamba kitu alichokitengeneza mjuzi hakiharibiwi na mjinga. Akaanza kusoma. Wateja wakipungua alisoma nini kinaamsha nini, nani anamtegemea nani humo ndani, na elimu haina adabu, haikai pale ulipoiweka tu. Mfamasia wa jirani alipolalamika kwamba filamu zake za zamani hazichezi, alimwambia aweke VLC. Mwalimu wa hesabu alileta kompyuta inayokwenda kwa magoti, akamwekea Linux yenye Xfce, sura nyepesi isiyokula kumbukumbu. Kinyozi alitaka kukata nyimbo, akamwonyesha Audacity. Ikawa benchi la wateja limejaa watu wasiotaka kopi wala picha, wanataka ushauri. Alijisikia malkia, kisha akakumbuka kwamba kati yao wote Fundi hayumo.

Ndipo akaifikia printa. Alisoma kwamba kazi ya kuchapa inasimamiwa na huduma moja inayoitwa cups, akaizima kwa amri, akatuma ukurasa wa majaribio akiwa na uhakika. Printa ikautoa ukurasa vizuri kabisa. Kumbe mlangoni kuna mlinzi, kazi ikifika tu anamwamsha bwana wake. Mchapaji akarudi kusoma, akapata neno kali zaidi: mask. Huduma iliyofungwa kwa mask haiamshwi na yeyote mpaka ifunguliwe. Akaizima tena, akaandika neno hilo, akaweka nywila, akabonyeza Enter. Printa ikanyamaza, naye akacheka peke yake mpaka mama mdogo akavua miwani kumtazama.

Alipompigia Fundi, kila alichoelekezwa alijibu kwamba hakioni.

"Nakuja," alisema Fundi.

Alikuja, lakini si kwa uso uliotarajiwa. Alipita bila salamu, akakagua waya, akakagua wino, akakaa kitini akiitazama printa kama mtu aliyesalitiwa na mwanawe.

"Sijawahi kurudi kwa mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ina maana niliiweka vibaya. Na kama hapa niliweka vibaya, basi kote nimeweka vibaya. Nitawarudishia mfumo wenu wa zamani. Halafu nitawapitia wengine nyumba kwa nyumba, niwaombe radhi."

Furaha yote ikamtoka Mchapaji. Akinyamaza, huyu mtu anaondoka akiwa ameivunja heshima yake mwenyewe. Akisema, inayovunjika ni yake. Alitamani ardhi ipasuke. Mama mdogo aliweka springi zake chini.

"Hujakosea kitu," alisema. "Nimeizima mimi. Nilitaka uje."

Fundi aligeuka polepole. "Uliandika nini?"

"Kwanza stop. Ikaamka yenyewe. Nikaona kumbe ile soketi, yule mlinzi wa mlangoni, ndiyo inaiamsha, nikazifunga zote mbili kwa mask."

"Zote mbili," Fundi alirudia, na uso wake ukaanza kukunjuka. "Na ile path, mlinzi wa pili?"

"Na path. Ningeiachaje?"

Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa akitabasamu ovyo, bila mpango, kama aliyeitwa jina lake kwenye bahati nasibu.

"Ile ya kwamba ulitaka nije niliisikia," alisema. "Nilikuwa natafuta la kujibu." Hakulipata, au alilipata lakini si la kumwambia yeye, maana alimgeukia mama mdogo akiwa amefumbata mikono kwa heshima. "Shikamoo, mama. Nikitaka kuwaleta wazee wangu nyumbani kwenu kuposa, nani atawapokea?"

"Marahaba. Nitawapokea mimi," mama mdogo alisema. "Lakini fungueni kwanza hiyo printa, nje kuna watu wanataka vyeti vyao."

Mchapaji aliivuta kibodi. Akaandika nywila, akaikosea. Akaandika tena, akaikosea tena, na Fundi hakuwa na msaada wowote kwa sababu alikuwa anacheka.