Alama Nne za Maulid

Mwaka 2004, chuo kimoja cha Birmingham kiliwapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili kazi ya kikundi: wabuni kiti cha magurudumu kinachoweza kushuka ngazi. Idarous alipangwa na Hillow, Mkenya, na msichana mmoja wa Kiingereza, na Maulid, Mzanzibari mwenziwe, ambaye kila alasiri alikuwa akiyafungia magari mapya milango kiwandani Washwood Heath. Na vikao vya kikundi vikawekwa alasiri. Nani aliviweka? Wasiokuwa na kazi ya kwenda, ndio hao hao.

Maulid hakuonekana kikaoni hata mara moja. Lakini breki, ambayo ndiyo roho ya kiti chenyewe, aliichora yeye, asubuhi tatu mfululizo, jikoni kwa Idarous kule Perry Barr, karatasi zimetanda meza nzima na chai inapoa. Aliyemwona ni Idarous peke yake.

Mwisho wa muhula zikaletwa fomu za siri. Kila mmoja awape wenziwe alama, kumi ndiyo ya juu. Wastani wako ukiwa chini ya tano, umeanguka. Ndivyo wanavyofundishwa ushirikiano, kuchinjana kwa kalamu na jina limefichwa.

Hillow alimtazama Idarous akicheka. "Nyinyi watu wa Zanzibar si mtabebana tu."

"Nani anambeba nani?"

"Haya, mpe kumi. Mpe na biriani."

Ulikuwa mzaha. Idarous akahisi uso unamuwaka. Akaikinga karatasi kwa mkono, akaandika nne.

Wiki mbili baadaye Maulid akamkuta kwenye korido. Ameanguka, hapandi mwaka wa tatu. Kilichobaki ni milango ya magari, asubuhi na jioni.

"Wamenipa alama za mtu asiyekuja," alisema. "Si kitu. Nimekata rufaa. Nimewaambia waitazame fomu yako, sheikh. Nimewaambia huyu ndiye aliyeniona."

"Wanaisikiliza lini?"

"Leo saa nane. Twende wote ukawaeleze ile breki."

Idarous akalitazama begi lake. "Nina maabara."

"Basi fomu itasema." Maulid akampiga bega, akaenda zake.

Hakuwa na maabara. Alikaa kwenye benchi nje ya maktaba, akaiacha saa nane ipite, na ofisi ya rufaa yenyewe ilikuwa ng'ambo ya uwanja, mlango uko wazi anauona.