Darasa Lililosikika Mpaka Barabarani

Darasa la tatu la shule ile likianza kusoma, mtaa mzima ulijua. Fundi viatu aliyekaa nje ya geti alikuwa amezihifadhi hadithi zote za kitabu cha kusoma bila kukishika kitabu chenyewe, na siku watoto wakiruka mstari alinyanyua kichwa kutoka kwenye kiatu na kukunja uso, utadhani amevunjiwa heshima yeye.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mwanamke aliyesifiwa na wengi, na jina walilompa wenzake lilikuwa Redio. Walimpa nusu kwa kumsifu, nusu kwa kijicho. Mwalimu wa hesabu, mtu wa mzaha asiyejua pa kuishia, alipenda kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma, kisha akacheka. Redio alicheka naye, kwa kuwa ukitaniwa unatakiwa kucheka.

Watoto hao alikuwa nao tangu darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alimwacha apande nao mwaka hadi mwaka, maana wageni wakija hilo ndilo darasa alilowapitisha, na wageni walitoka wakitabasamu. Asichokijua Mkuu, wala mtu mwingine, ni kwamba Redio mwenyewe hakuwamo mle darasani. Mwaka ule wa kwanza mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye mara mojamoja, baadaye simu ikawa inaita tu. Hakufa. Angekufa watu wangekuja, wangekaa chini, wangetoa pole na kulia naye. Kwa mwanamke ambaye simu ya mumewe inaita bila kupokelewa, haji mtu. Redio alilia siku chache, kisha akaacha, na alipoacha kulia akaacha na mengine yote. Alikula, alioga, alipiga pasi sare ya mtoto, alisimama mbele ya ubao. Mwili ulikwenda wenyewe. Aligundua kuwa darasa la kuitikia halimtaki mwalimu mzima, linataka sauti yake tu. Yeye anatamka mstari, watoto tisini wanaurudisha, kengele inalia, siku imekwisha.

Alipochoka hata kutamka, kijiti cha kuonyeshea maneno ubaoni alimpa mwanawe, aliyesoma darasa hilohilo. Mtoto huyo walimwita Bibi kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa mama, na Redio alimwita mama, kama tunavyowaita watoto waliowarithi mama zetu. Bibi alikuwa na sauti kali na safi. Alisimama kando ya ubao upande wa dirisha, akagusa neno kwa kijiti, akalitamka, na darasa likavuma nyuma yake. Mama mtu alikaa mezani akiangalia ukuta.

Basi akaja mshauri wa ufundishaji. Walimu waliwajua washauri: huja na gari, hunywa chai ofisini, huandika mambo, huondoka. Huyu alikuwa binti mwembamba aliyekuja kwa miguu, amevaa raba nyeupe zilizoshika vumbi, na kabla ya mapumziko alikwishapata jina: Dada Raba. Alikaa nyuma ya darasa kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu, na kipindi kilipokwisha hakutaja kosa hata moja. Aliuliza maswali. Hilo liliwatia walimu wasiwasi kuliko kukosolewa.

"Shikamoo, Mwalimu," alimwambia Redio wiki ya pili. "Leo naomba tubadilishane. Mimi nisimame, wewe ukae kule kwangu."

"Marahaba. Nikakae nifanye nini?"

"Utazame tu."

Redio akaenda akakaa. Bibi akanyanyua kijiti, darasa likavuma. Redio hakuwahi kuliona darasa lake kutoka nyuma. Ubao ulikuwa katikati ya ukuta, lakini vichwa havikuelekea katikati. Vyote, ukiondoa vichache, vilikuwa vimegeuka upande wa dirisha, kwa Bibi, kwenye mdomo wake. Dada Raba akamwomba Bibi akae, akachukua kijiti yeye, akagusa maneno yaleyale bila kusema kitu. Mvumo ukapungua. Zikabaki sauti za watoto wachache wa hapa na pale, kisha hao nao wakaona aibu kusikika peke yao, wakanyamaza. Nje ya geti fundi viatu bila shaka alinyanyua kichwa.

Redio alijua ameona jambo kubwa. Alingoja limuume, kama unavyongoja ukijigonga kidole. Halikumuuma.

Siku iliyofuata Dada Raba aliweka meza barazani akawa anawaita watoto mmojammoja wasome karatasi aliyokuja nayo. Ilikuwa na herufi juu, maneno katikati, na chini sentensi nne kuhusu mtoto aliyekwenda kuchota maji. Redio alikuwa ameonyeshwa karatasi hiyo mapema. Chaki ilipomwishia alitoka kwenda kuchukua nyingine ofisini, akakuta ni zamu ya Bibi. Akasimama nyuma ya nguzo.

"Inahusu nini?" Bibi alikuwa anauliza, kwa adabu kabisa.

"Soma tu, tutajua pamoja."

Bibi aliishika karatasi kwa mikono miwili, akasafisha koo kama afanyavyo mama yake, akasoma. Alisoma habari ya mbuzi aliyekula kofia ya jirani. Aliisoma kwa vituo vyake, akapandisha sauti jirani alipokasirika, akaishusha mbuzi alipojificha. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko yoyote iliyokuwa kwenye kitabu, na hapakuwa na mbuzi wala kofia kwenye ile karatasi. Dada Raba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, Bibi. Nionyeshe neno mbuzi liko wapi."

Kidole cha Bibi kilizunguka juu ya karatasi, kikatua mahali, kikaondoka, kikatua pengine. Redio alikwenda ofisini, akachukua chaki, akarudi darasani akaendelea na somo. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kama siku zote. Watoto wa wenzake amewafundisha miaka kumi na mitano. Wa kwake analala naye chumba kimoja na hakuwa amejua. Mganga hajigangi, tunasema, tukidhani ni utani.

Jioni Mkuu akamwita. Utaratibu ulikuwa umepangwa: kuanzia kesho, kwa muda wa saa moja kila asubuhi, watoto wa darasa la pili hadi la nne wangechanganywa na kugawanywa, si kwa umri wala darasa, bali kwa kile wanachokiweza. Wanaosoma hadithi kundi lao, wanaosoma maneno lao, na wasiojua herufi kwenye mkeka ndani ya stoo, kwa kuwa madarasa hayakutosha. Wageni wa ofisi ya elimu wangekuja kuona mwanzo wake.

"Huyu binti kamweka Bibi stoo," Mkuu alisema, akishusha sauti ingawa walikuwa wawili. "Mtoto wa mwalimu. Tena wako wewe. Nimemwambia mtoto alikuwa na homa, kasema basi uamuzi ni wangu. Mimi nimeshaamua. Kesho Bibi anakaa kundi la hadithi, na wewe ndiye unayelifundisha. Wageni wataanzia hapo."

"Hajui kusoma, Mkuu."

"Funika kombe mwanaharamu apite. Ana akili yule, atadakia mbele kwa mbele. Wewe nyamaza tu, hutakiwi kufanya kitu kingine."

Na kunyamaza ndiko Redio alikokuwa hodari. Angenyamaza kesho, Bibi angekaa na wasomaji, angewatazama midomo mpaka darasa la nne, la tano, la saba, na siku ya mtihani angekuwa peke yake na karatasi. Hayo yote Redio aliyaona wazi. Aliyaona tu, akaaga, akatoka.

Dada Raba alikuwa getini akikung'uta vumbi la raba.

"Mtoto hakuwa na homa," Redio alimwambia.

"Najua, Mwalimu."

"Kwa nini hukuliandika hilo, basi?"

"Nimeandika. Lakini mimi mwezi ujao niko shule nyingine. Wewe unabaki naye." Akavaa begi lake. "Na usibebe yote peke yako. Tisini darasa moja, na miaka yote hiyo hakuna aliyekuja akakaa nyuma. Kesho nitakaa na wewe, kundi lolote utakalochukua."

Redio alimwambia ahsante. Alijua kuwa ni neno zuri ameambiwa, ila halikufika mahali.

Nyumbani, kabla giza halijaingia, waliosha vyombo. Mama alisugua, mtoto alisuuza. Redio alichukua paketi ya sabuni, akampa.

"Nisomee hapa, mama."

"Anza wewe."

"Kwa nini nianze mimi?"

"Ili nijue panasemaje."

Redio akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Darasani unajuaje panasemaje?"

"Si unasoma hapa ukiandaa somo. Unasoma kwa sauti. Nikisikia mara mbili nimeshika."

"Na wenzako?"

"Wananitazama mimi." Bibi alisema bila majivuno, kama anayesema maji yamekatika. "Wanaojua kweli ni wachache. Hao hawanitazami. Nawajua wote."

"Kwa hiyo ulijua kwamba hujui."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

Bibi akamtazama, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana ukanipa kijiti, ili watu wasijue. Nilidhani unanificha." Akaweka sahani juu ya nyingine. "Sijamwambia mtu."

Miaka miwili mtoto alikuwa akiitunza siri ambayo mama yake hakujua kuwa ipo. Alidhani wanaitunza wawili. Kutazama ukuta kwa mama yake yeye alikuita mapenzi. Redio alimwambia akalale mapema.

Asubuhi uwanja ulijaa. Watoto waliitwa majina, wakubwa wakajikuta na wadogo, wakachekana, wakazoea. Wageni walisimama kivulini na Mkuu wakishika chupa za maji. Bibi alikwisha kubeba kiti chake mpaka mlango wa kundi la hadithi, amenyooka, sare imepigwa pasi.

"Mkuu," Redio alisema mbele ya wageni, "mimi nachukua stoo. Mwalimu wa hesabu achukue hadithi."

Mwalimu wa hesabu alianza kucheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Mkuu alitabasamu kwa ajili ya wageni na kumtolea Redio macho kwa ajili yake. Redio akavuka uwanja mpaka kwenye ule mlango.

"Njoo, mama. Wewe uko na mimi."

"Wapi?"

"Stoo."

Watoto wa kundi la hadithi walisikia, na wa dirishani wakasikia. Bibi hakulia. Alimtazama mama yake kama unavyomtazama mtu uliyemwambia siri naye akaitangaza sokoni. Kisha akakiacha kiti palepale, akamfuata, mkono wake ukikataa kushikwa.

Stoo ilinuka karatasi za zamani na mafuta ya taa. Dada Raba alikuwa ameshakaa kwenye mkeka na watoto, baadhi yao warefu kumzidi. Redio aliandika herufi moja kwenye ubao mdogo. Sauti zikaanza kuvuma, kila mtu akibahatisha kwa nguvu.

"Mmojammoja," alisema. "Ukijua, sema. Usipojua, sema sijui. Hakuna atakayechapwa wala kuchekwa."

Vichwa vikamgeukia Bibi kwa mazoea. Bibi akamgeukia mama yake, macho yakishuka mdomoni. Redio aliubana mdomo. Mlangoni wageni walikuwa wamefika, na Mkuu alikuwa anakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Sijui," Bibi alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, si ile ya ubaoni. Mvulana wa darasa la nne aliyekaa kando yake, ndevu karibu zimuote, akashusha pumzi kana kwamba ametuliwa mzigo. "Hata mimi," alisema. Kisha mwingine, na mwingine, mkeka mzima, wengine wakikaribia kucheka kwa ahueni. Miaka yote ya kufundisha Redio hakuwa amewahi kulisikia neno hilo darasani kwake.

Hapo ndipo ilipomuuma. Ilikuja kama mguu uliokaliwa sana damu inapourudia, na ilimuuma kwa mambo yote pamoja: kwa ile simu, kwa ule ukuta, kwa mtoto aliyesimama kando ya dirisha akimlinda. Dada Raba aliona, akasogea kidogo kwenye mkeka kumpisha.

Bibi alikuwa amegeukia ukutani. Redio akapiga magoti kando yake, akaichora ile herufi kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, akaitamka mara moja, taratibu, kisha akangoja. Wageni walichoka wakaenda kuona kundi la hadithi. Baadaye kidole kidogo kilikuja, kikaifuata herufi kutoka mwanzo hadi mwisho. Uso Bibi hakuugeuza.