Mafungu Mawili ya Mawe

Pale Nyarugusu, wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo walikuwa hawanywi maji wakiwa kazini. Si kwamba hawakuwa na kiu. Choo kilikuwa mbali, ng'ambo ya mashimo, na kwenda na kurudi kulitosha kabisa mtu kukuibia kwenye fungu lako la mawe. Dorah, Mama Davis kwa wenzake, ndiye aliyekuwa bingwa wao: alikaa hadi saa tisa bila kulamba tone, na akajisifu. Miaka miwili alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwa Mwamvua. Walisalimiana vizuri tu, ila kila mmoja jicho lilibaki kwenye mawe yake.

Siku hiyo ya Oktoba jua liliwaka hata nyundo ikawa haishikiki. Saa saba mchana Mwamvua alilalamika kichwa kinamgonga, akatapika, akainuka, akapepesuka, akaanguka. Dorah, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichotazama ni fungu lake mwenyewe.

Kisha aibu ikamshika, akakimbia. Mwamvua alikuwa ameloa jasho chepechepe na ngozi yake ni ya baridi, kwa hiyo Mama Maige, mponda mawe mwenzao, alishaamua kuwa ni malaria na kumfunika vitenge viwili. Dorah alivivuta akavitupa. Mhudumu wa afya wa kijiji aliwahi kuwaeleza kwamba joto na kazi nzito humkausha mtu maji hadi akalegea, na kwamba akianza kuweweseka akimbizwe zahanati bila kungoja.

Wakambeba hadi chini ya turubai la mama ntilie, wakamlegeza nguo, wakamnyanyua miguu juu ya kiroba. Dorah alilowesha khanga, akamkanda shingoni na makwapani. Mama Maige akapepea huku akinung'unika kwamba malaria ni malaria.

"Unaitwa nani?" Dorah aliuliza.

"Mwamvua. Kwani umenisahau?"

Akili ilikuwa timamu. Dorah alishusha pumzi, ila akamwomba dereva wa bodaboda aliyekuwa akila hapo asiondoke, asije Mwamvua akaanza kuweweseka. Katika lita ya maji alitia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akamnywesha funda moja moja. Baada ya nusu saa Mwamvua aliweza kukaa. Dorah akamuuliza, kwa ukali wa mtu aliyeogopa sana, kwa nini hakunywa chochote tangu asubuhi.

Mwamvua aliangalia pembeni. "Nilikuwa nakuogopa wewe, Mama Davis. Nikienda chooni, utachukua mawe yangu."

Dorah alitaka kukasirika, akashindwa.

"Na mimi nilikuwa nakuogopa wewe," alisema.

Walikubaliana kwamba kuanzia sasa mmoja akienda, mwingine atalinda mafungu yote mawili. Dorah akamimina maji yaliyobaki ili anywe naye, yakamwagika. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na kichwa, alipokisikiliza, kilikuwa kinamgonga tangu saa tano.