Utepe wa Harusi ya Kauthar

Aliyepita nyuma ya duka la Tamimu Jumamosi mchana, pale Singida mjini, alisikia feni kubwa ikinguruma, kisha tatatata ya chuma kikigonga karatasi, kisha watu wazima wakishangilia utadhani bao limeingia. Mgeni alidhani ndani kuna video. Wenyeji walitikisa kichwa tu. "Ni wale wa kompyuta," walisema, wakaendelea na safari zao.

Wale wa kompyuta walikuwa watatu. Kwanza Tamimu mwenyewe, mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Pangani na bibi yake Mtinko. Mtu wa tumbo la kiasi na maneno yasiyo na kiasi. Wa pili Mwalimu Paskali wa fizikia, aliyeingiza baiskeli yake mpaka ndani kwa kuwa hakumwamini binadamu yeyote wa Singida kwa habari ya baiskeli. Na wa tatu Severina, mama wa makamo kutoka Iguguno, ambaye ndiye hasa mwenye kisa hiki, kwa sababu wenzake wawili walikuwa wanacheza, na yeye hakuwa anacheza.

Severina alikuwa opereta wa kompyuta katika chama kimoja cha ushirika, enzi zile chama kikiwa chama. Mazao ya mkoa mzima yalipita kwenye vidole vyake. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao mpaka mashambani, mitumba ikajaa sokoni, kila mwenye suti akafungua kampuni, na chama kikabaki na majengo matupu. Severina akapunguzwa kazini. Kompyuta ikapigwa mnada. Tamimu aliinunua akiamini ni jokofu la kiwandani. Walioitengeneza waliiita kompyuta ndogo, na pengine kwao ilikuwa ndogo. Hapa Singida iliteremshwa kwenye lori na makuli wakitukanana, na ilipotulia ilikuwa imejaza chumba kizima cha uani.

Mtu mwingine, baada ya kugundua kwamba hili si jokofu, angewauzia mafundi wa majiko wakalikatakata. Tamimu akamtafuta Severina. "Dada yangu, nasikia wewe ndiye unayejua kuliamsha." Severina akaliamsha, na zile taa nyekundu za usoni zilipoanza kukimbizana, Tamimu akasahau jokofu, akasahau na wateja dukani. Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa na wenyewe.

Kuiamsha mashine ile ilikuwa kazi. Sahani zake za kutunzia kumbukumbu ziliuawa zamani na vumbi, maana upepo wa kiangazi wa Singida haujui mlango wala dirisha. Kilichobaki ni utepe wa karatasi wa manjano, mwembamba kama mkanda wa gauni, umekunjwa na kupangwa ndani ya boksi, na una vitundu vidogo mwanzo hadi mwisho. Vitundu hivyo ndivyo vilivyokuwa mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiambia mashine wewe ni mashine na kazi yako ni hii. Umeme ukikatika, na umeme wa siku zile kukatika ndiyo ilikuwa tabia yake, mashine husahau kila kitu. Hapo Severina husimama mbele ya swichi akizipandisha na kuzishusha kwa mpangilio aliokariri, midomo ikimtembea, juu, chini, chini, juu, mpaka mashine ipate akili ya kusoma. Kisha huulisha utepe kwenye kisomeo, unapita wote, mashine inaamka. Utepe wa akiba hakuna. Kifaa cha kutobolea mwingine kilivunjika tangu enzi za chama.

Wiki nzima Severina aliuza maandazi stendi. Hakulalamika; maandazi yake yalikuwa mazuri na watoto walisoma kwayo. Lakini mambo aliyokuwa anayajua vizuri kuliko maandazi yalikuwa mle chumbani, na Jumamosi alipofungua ule mlango alijisikia mtu mzima, si nusu. Aliipenda ile mashine, basi. Wengine wanapenda kwaya.

Aliyeyatazama haya yote kwa jicho la pembeni ni Mwanabaraka, mke wa Tamimu. Kaka yake, Abdulhamidi, alikuwa amenunua mashine ya kukamua alizeti, kama nusu ya mji mwaka ule, na hakuwa na pa kuiweka. Siku moja Mwanabaraka akaja hadi mlangoni, mahali ambapo hakuwahi kupavuka, akashika kiuno.

"Mama Leah," alimwambia Severina, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini nionyeshe faida moja tu ya hili kabati linalonguruma."

Severina hajafungua kinywa, Tamimu ameshadakia. "Litachapa jina la Kauthar! Herufi kubwa kama mlango, karatasi itandazwe ua mzima! Nani Singida hii ameolewa hivyo?"

Kauthar alikuwa binti yao, na harusi ilikuwa mlangoni. Mwanabaraka akamtazama mumewe, akamtazama kaka yake aliyesimama nyuma, akasema, "Sawa. Siku ya harusi, kabla bwana harusi hajaingia ndani, nilione jina la mwanangu limetoka humo. Likitoka, chumba chenu, sitasema tena. Lisipotoka, Abdulhamidi anahamia."

Wakakubaliana wote, na Abdulhamidi akiwa shahidi mwenye furaha. Watatu wale hawakuwa na wasiwasi. Programu ya kuchapa herufi kubwa ilikuwemo kwenye utepe ule ule, na siku mbili kabla ya harusi waliijaribu, ikachapa PASKALI kwa nyota tupu, na Mwalimu akalikunja jina lake kwa heshima akaenda nalo nyumbani.

Asubuhi ya harusi Severina alikuja amevaa gauni jipya. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri na kurudi, hilo halikumtisha, alishazoea. Akavuka ua uliojaa wanawake, masufuria na vicheko, akainua macho kutazama mapambo.

Juu ya ua, kutoka paa hili hadi paa lile, vipande vya karatasi ya manjano vilikuwa vimefungwa kwenye kamba, vinacheza na upepo, na jua likipenya kwenye vitundu vyake. Vilikuwa vizuri sana. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Chini yake, juu ya kigoda, alikaa Bi Rukaya, dada mkubwa wa Tamimu na shangazi wa bibi harusi, mkasi ukiwa bado mapajani.

"Shikamoo, Bi Rukaya."

"Marahaba, mwanangu. Umeona mapambo? Tamimu ninavyomjua ni mkono wa birika, lakini safari hii kaagiza kitu. Nimekikuta kwenye boksi mle chumbani. Vitundu vimepangwa utadhani kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono!"

Severina akakaa chini, na gauni lake jipya, kwenye vumbi. Tamimu akatoka kuona kuna nini, akatazama juu, akashika kichwa. "Dada! Umeukata?"

"Sasa ningeutundika mzima kama kamba ya ng'ombe?"

"Mmeniulia mashine," alisema Severina, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Mwalimu Paskali akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na hali ilikuwa ile ile. Wanawake wakatazamana, maana kulia siku ya harusi kuna wenyewe na zamu yao ilikuwa bado.

Kipande kimoja kilikuwa kimedondoka karibu yake. Severina akakiokota kwa mazoea tu, akakitazama ncha. Ncha haikuwa na vitundu. Akatazama ncha ya pili. Nayo tupu. Akavuta kingine kutoka kwenye kamba, akakiangalia, akajifuta machozi kwa kiganja.

"Bi Rukaya, ulikuwa unakata wapi?"

"Palipo wazi, wapi tena?" Bi Rukaya alionekana kama ametukanwa. "Nashona kofia tangu baba yako hajaoa. Mimi nipitishe mkasi katikati ya vito? Ua la vitundu likiisha, pana nafasi; hapo ndipo nakata."

Severina akamtazama bibi yule kwa upendo ambao hata ndugu zake hawajawahi kuuona. Kwa maana utepe ule uliandikwa kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu pana nafasi tupu. Kila fungu huanza kwa kuitajia mashine mahali pake lenyewe kwenye kumbukumbu, kama abiria mwenye namba ya siti: aingie wa kwanza, aingie wa mwisho, atakaa pale pale. Mpangilio haukuwa na maana. Fungu moja tu ndilo lililopaswa kwenda mwisho, fupi kuliko yote, lisilobeba kitu ila neno moja kwa mashine: anza.

"Vishusheni!" alipiga kelele Severina. "Vyote! Taratibu!"

Ikawa patashika. Tamimu akapanda ngazi na kanzu yake ya sherehe, akiwaagiza watu ambao hawakuwa wakimsikiliza. Mwalimu Paskali akaazima pasi ya mkaa na kunyoosha makunyanzi, kipande kwa kipande, kwa umakini wa mtu anayepiga pasi suruali ya mkaguzi. Bi Rukaya akavikagua kabla havijaingia ndani, akirudisha vilivyonyooshwa vibaya. Severina akazipanga swichi, juu, chini, chini, juu, akaanza kulisha. Kila kipande kilipopita salama alihema. Walivua vipande kwenye nywele za watoto, kwenye mpini wa sufuria la pilau, kwenye kioo cha gari la kumleta bwana harusi. Mpaka vyote vikaisha, na mashine ikakaa kimya.

Kifupi hakikuwepo.

Walitafuta chini ya mikeka. Walitafuta kwenye takataka. Matari yakaanza kusikika kutoka upande wa msikitini, maana ndoa ilikwishafungwa na watu walikuwa njiani wanamleta bwana harusi. Abdulhamidi alikuwa mlangoni tayari, anapima upana kwa shubiri.

Mwanabaraka akaja akasimama kando ya kaka yake, amependeza, mtandio umemfunika mpaka mabegani. "Vipi?" aliuliza.

Severina hakuwa na nguvu ya kuficha. "Mama Kauthar, yote imo ndani. Imepotea karatasi moja, kafupi hivi, ndiyo inayoiambia ianze. Bila hiyo ipo tu, haijui pa kuanzia. Chumba chukueni, ahadi ni ahadi. Nakuomba kitu kimoja. Msiwape wale wa majiko. Hata ikikaa nje, mniache niwe nakuja kuifuta vumbi."

Mkono wa Mwanabaraka ulipanda taratibu, ukaingia chini ya mtandio, ukatulia pale shingoni. Severina akauona ule mkono. Akauona na uso, akaelewa. Angeweza kugeuka tu, yule mama. Angeondoka akapokee wageni wake, na hakuna ambaye angemfunulia mtandio mama wa bibi harusi. Matari yakasogea. Abdulhamidi akasema, "Shubiri saba, inapita."

"Bi Rukaya alinivisha alfajiri," alisema Mwanabaraka. "Alisema hiki kifupi cha mama mtu." Akafungua fundo, akakitoa, akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza tangu mashine iletwe. "Chumba nakitaka, Mama Leah, nisikudanganye. Nakitaka sana. Ila si hivi."

Severina akakipokea, akakiingiza. Taa zikasimama, zikapepesa, zikaanza kukimbizana, na Severina akaligonga jina herufi kwa herufi. Tatatata! Karatasi ikatoka ikijaa nyota, K kubwa kama mlango kweli, kisha A, na Mwanabaraka akainama akaipokea kwa mikono miwili ikiwa bado inatoka, akiivuta kidogo kidogo mpaka jina la mwanawe likamjaa mikononi. Akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe. Ua mzima ukamjibu.

"Kaka," alimwambia Abdulhamidi walipotulia, "peleka mashine yako Iguguno. Alizeti ziko huko."

Kisha akamnyooshea Severina kiganja. "Nirudishieni changu. Sijapigwa picha."

Wakampa. Akapigwa picha nacho shingoni, na picha zilipokwisha hakukirudisha. Alikifunga kwenye leso, akakiweka kabatini pamoja na dhahabu zake, na ufunguo akakaa nao. Walimwomba, akasikia, walimbembeleza, akacheka. Basi hadi leo mambo ni hayo: kila Jumamosi mashine hulishwa vipande vyote, halafu Severina huvuka ua, hupiga hodi na kungoja, mpaka Mwanabaraka amalize shughuli zake, ajifunge khanga safi, aje na leso yake. Hakubali mtu akiingize kwa niaba yake. Hukiingiza mwenyewe, huvuta kiti cha Tamimu, hukaa.