Mstari wa Chaki Ukutani

Mtoto alipozaliwa alikuwa mdogo, wa mviringo, na akishika kitu hakiachii, basi baba yake akamwita Kifungo. Tangu hapo mama yake, fundi cherehani, akawa Mama Kifungo kwa kila mtu, na jina lake halisi likabaki kwenye kadi ya kliniki.

Mama Kifungo alishona sare za shule katika karakana ya ushonaji. Miaka sita mfululizo aliinamia cherehani ile ile ya dirishani, kutwa nzima, shingo mbele, mabega juu, kama mtu anayechungulia shimo. Mgongo ulilalamika chini chini, naye akawa anaujibu, "Subiri nimalize pindo hili." Siku moja aliinua jora la kitambaa kutoka sakafuni, na mgongo ukakataa kusubiri. Ulimkamata kiunoni pale pale, akabaki ameinama na jora lake mkononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wenzake walimpeleka kwa daktari wamemshika huku na huku.

Daktari alimwambia hakuna kilichovunjika, ni misuli imechoka na imekaza. Alimpa vidonge, akamkataza kubeba kitu chochote kizito mpaka mwili upate nguvu.

Kifungo alikuwa na kilo kumi na tatu.

Mama mkwe, ambaye waliishi naye, aliichukua kazi ya kumbeba mtoto kwa moyo wote. Kwa kumhurumia mkwewe, kila Kifungo alipokimbia kwa mama yake mikono juu, Bibi alimdaka njiani. "Aa-aa! Usimparamie mama. Mgongo wa mama umevunjika!" Mtoto akasikia. Mtoto akashika, na unajua tayari akishika inakuwaje.

Mwezi wa tatu tangu mama aumie ulipoingia, Kifungo alijikwaa uani akachubuka goti. Mama yake alikuwa hatua moja tu kutoka pale, ameshafungua mikono. Mtoto alimpita. Alimpita analia, kamasi na machozi pamoja, akaenda moja kwa moja jikoni kwa bibi yake, na huko akasikika akieleza kwa kwikwi, kama mtu anayetoa habari za kiti, "Mama amevunjika."

Mgongo ulikuwa na vidonge vyake. Hili halikuwa na kidonge.

Mama Kifungo alipokwenda tena kliniki, nesi mmoja mstaafu aliyekuwa akifundisha yoga kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa nyuma alimwona anavyoketi kwa kujipima, tako moja kwanza. "Njoo na mkeka," alimwambia. "Usinipe sababu. Njoo tu."

Bibi hakuamini masikio yake. "Yaani unakwenda kulala chini na wanawake wenzio, halafu unarudi unasema umefanya mazoezi?"

"Tunapumua pia, mama."

"Kupumua! Mimi napumua tangu nizaliwe, na darasani sijakanyaga."

Mume wake, fundi bomba, alicheka mpaka akaweka kijiko chini, lakini Jumamosi hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeukunja mkeka na kuufunga kamba.

Nesi alifundisha mambo madogo. Kupiga magoti na viganja chini, kisha kuupandisha mgongo na kuushusha kama paka aliyetoka usingizini. Kukalia visigino na kuinama mpaka paji la uso liguse sakafu, wanavyolala watoto wachanga. Kusimama na kushuka polepole, mikono ikiishia inapoishia. "Hapo mgongo unapogoma, hapo hapo tulia, pumua," alisema. "Usigombane nao. Robo saa kila siku inatosha. Msiniletee mambo ya kujikomoa masaa mawili halafu mwezi mzima hamuonekani."

Mama Kifungo akawa anafanya robo saa yake karakanani wakati wa mapumziko, nyuma ya meza ya kukatia, mkeka wake kati ya majora. Wiki mbili za kwanza aliona ni mchezo. Wiki ya tatu aligundua kwamba amelala usiku kucha bila kugeuzwa na maumivu. Na lile fundo lililokuwa limekaa chini ya kifua chake, lile la kuamka nalo na kushinda nalo, likawa linalegea kidogo kila alipotoa pumzi ndefu. Hakumwambia mtu. Aliogopa akilitaja litarudi.

Lakini fundi ni fundi, haoni kitu asikipime. Aliitundika futi yake ukutani, akainama kandoni mwake, na pale vidole vilipofika akaomba achorewe mstari wa chaki. Siku ya kwanza mstari ulikuwa juu ya goti. Baada ya wiki, kwenye goti. Baada ya mwezi, chini ya goti, nayo karakana nzima ikawa inafuatilia mistari ile kama watu wanavyofuatilia mpira.

Halafu Kifungo akapata nafasi chekechea. Shule ingefunguliwa baada ya wiki tatu. Mama yake alimshonea sare mwenyewe, mifuko miwili, vifungo sita, na akiwa anashona kifungo cha mwisho aliamua: siku ya kwanza atampitisha getini mikononi mwake, amembeba yeye, si Bibi. Akaenda ukutani, akachora mstari mnene karibu kabisa na sakafu. Vidole vikifika hapo, atakuwa amepona. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Alijipangia siku ya kukabidhi kazi, kama alivyozoea kupangiwa na wateja.

Zilipobaki siku nane, kati ya vidole na mstari ilibaki shibiri nzima.

"Sasa wewe unajitesa nini?" alisema Mkasi. Huyu alikuwa mkataji wa karakana, mwanamke mrefu, jina lake lilitokana na kazi yake na ulimi wake kwa pamoja. "Kitambaa kikija kimepinda, tunafanyaje?"

"Tunakivuta."

"Mmoja pembe hii, mwingine pembe ile, nyuzi zinanyooka, tunakata. Haya, lala."

Ukikaa nje ya karakana utasema hiki ni kichaa. Lakini wao walinyoosha vitambaa hivyo kila asubuhi kwa miaka, na hakuna hata kimoja kilichowahi kulalamika. Mama Kifungo akalala kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Mkasi akamshika mikono, mwenzao wa kupiga pasi akamshika miguu.

"Moja, mbili..."

"Polepole lakini jamani!"

"...vuta!"

Kicheko kilikatika katikati. Mama Kifungo hakupiga kelele, alitoa sauti ndogo tu, na wote wawili wakaachia kwa wakati mmoja.

Siku mbili alilala ubavu, magoti kifuani. Kifungo alikuja mlangoni, akachungulia, akaenda zake kwa ncha za vidole. Kule kunyata ndiko kulikomliza.

Nesi alikuja kumwona. Aliposimuliwa alishika kiuno. "Wamekuvuta kama shuka," alisema. "Watu wazima."

"Nilikuwa na tarehe, nesi."

"Mwili wako unaijua hiyo tarehe?" Alimbonyeza hapa na pale, akamwambia hakijaharibika kitu, ila arudi mwanzo kabisa: paka na mtoto mchanga, basi.

Aliporudi kazini, mteja mmoja alikuwa anagombana na Mkasi. Alileta kitambaa kipya cha pamba, anataka gauni kesho. Mkasi alikuwa ameshaizamisha pamba yote kwenye beseni.

"Lakini kwa nini uiloweke, si ukate tu?"

"Pamba mpya ukiikata kavu, ikifuliwa mara moja inarudi, gauni halikuingii. Hapa inalowa, inaanikwa, inakauka kwa wakati wake. Mimi sikati kitambaa kikavu hata ukilia, dada yangu. Ukitaka..."

Macho ya Mkasi yalikuwa yamekutana na ya Mama Kifungo. Mteja alipotoka, Mkasi alikuja akasimama kando ya cherehani, mikono inachuruzika maji.

"Nilikuvuta mkavu," alisema.

"Nilijilaza mwenyewe."

"Hata hivyo." Akachukua kitambaa kichafu, akaenda ukutani akaufuta ule mstari mnene. Mingine aliiacha.

Zile siku zilizobaki Mama Kifungo alifanya robo saa yake nyumbani, alfajiri, sebuleni. Asubuhi ya kwanza, paji la uso likiwa mkekani, alisikia miguu midogo.

"Mama unatafuta nini?"

"Natafuta pumzi."

Kiganja kidogo cha moto kikatua mgongoni mwake. "Hapa panauma?"

"Hapo hapaumi."

Kiganja kikahama. "Na hapa?"

"Hapo kidogo."

Kiganja kikaondoka haraka, na miguu nayo. Lakini kesho yake Kifungo alikuja tena, akalala karibu na mkeka, paji la uso sakafuni, makalio juu, akivuta pumzi kwa kelele kama pampu ya baiskeli.

Siku ya shule ikafika. Getini watoto walikuwa wanalia kwa zamu. Kifungo, ndani ya sare yake yenye mifuko miwili, alivumilia mpaka mdomo wa chini ukaanza kucheza, kisha akanyoosha mikono juu. Kwa bibi yake.

Bibi alishainama nusu. Akamtazama mkwewe. Ghafla akajiinua, akaanza kupekua mkoba wake. "Ngoja, ngoja mjukuu wangu, nimepoteza... kuna kitu humu nimekipoteza."

Mama Kifungo alishuka. Goti moja, goti la pili, polepole kama sebuleni, gauni safi juu ya vumbi, mpaka akakalia visigino vyake. Macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Njoo."

"Mama umevunjika."

"Sikuvunjika. Nilikaza tu, sasa nalegea. Njoo uone."

Kifungo alimpima kwa macho. Akaja hatua moja. Kisha kilo zote zile zikamwangukia mapajani, mikono ikamzunguka shingo, na mgongo ukakaa wima, ukauma kidogo, ukatulia. Wakavuta pumzi, ya pampu ya baiskeli, mara tatu. Watu wakawapita kushoto na kulia. Alitaka kusimama naye, ampitishe geti kama alivyojiapiza, na akajua kwamba leo hawezi. Hakuinuka. Kifungo ndiye aliyeteremka, akajifuta pua kwa kola mpya, akaingia kwa miguu yake.

Njiani Bibi alitembea ameubana mkoba wake kwapani.

"Ulikipata ulichopoteza, mama?" Mama Kifungo alimuuliza.

"Usinichokoze." Wakatembea kidogo. "Hiyo yoga yenu... magoti ya miaka sitini na moja wanapokea?"

"Ukija na mkeka wako."

Mchana walirudi getini wote wawili. Watoto walitoka mbio, na katikati yao Kifungo, kiatu kimoja hakijafungwa. Alimwona Bibi. Akampita. Alisimama mbele ya mama yake, mikono juu, uso umejaa habari za siku nzima.

"Mama, chini!"

Na mama yake akapiga magoti.