E ya Sumie

Asubuhi ya Jumanne moja ya Oktoba 1959, saa tatu na robo, Mwalimu Tazawa alimwekea Sumie kipande cha biskuti ya mchele kwenye ncha ya ulimi, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye kioo. Sumie alikuwa na miaka minane. Alikuwa amekalia mikono yake, kama watoto wote kumi na mmoja wa darasa lile, kwa sababu kanuni ya kwanza ya Shule ya Viziwi ya Mogawa, iliyoandikwa kwa rangi nyeusi juu ya ubao, ilisema kwamba mikono ni ya kuandikia na kulia chakula. Ya kusemea ni midomo.

Somo lilikuwa vokali. Kwao ni tano, zilezile tulizonazo, ila wao huzipanga a, i, u, e, o. Mtoto anayesikia huzipata zote kabla hajaota meno wala hamshukuru mtu. Mtoto kiziwi huzichimbua moja moja.

Mwalimu aliutoa mkono wa kulia wa Sumie chini ya paja, akauweka kooni pake mwenyewe, akasema a. Koo likatetemeka. Akauhamishia kooni pa Sumie. Sumie akafungua mdomo, akalitetemesha lake. Alikuwa amefanya hivyo kila siku kwa miaka miwili, na kila siku Mwalimu alitikisa kichwa. Siku hiyo hakutikisa. A ilitoka nzima, pana, safi, ikapita dirishani, na matunda yote ya mkaki uliokuwa uani yakaacha ukakasi.

Mkaki ule ulikuwa kama mikaki mingine yote ya bonde: tunda zuri la rangi ya chungwa ambalo ukiling'ata kabla ya kulimenya na kulianika mwezi mzima, ulimi unakuwa kama umelamba gunia. Kunguru wa Mogawa hawakuwahi kulidonoa. Kufika saa nne walikuwa sitini mtini. Mpishi wa shule alitoka na ufagio, akawatazama kunguru, akachuma kaki moja, akala, akarudi ndani kuchukua beseni. Mchana kila mtoto alipewa nusu. Mwalimu Tazawa aliandika katika daftari la darasa: Sumie, a, sahihi.

Bonde lilihitaji wiki moja kuzoea. Ushirika wa wakulima ulipeleka shuleni gari lake dogo la magurudumu matatu, na tangu mwaka ule, kila Oktoba, Sumie alisimama nyuma ya gari katikati ya makasha, Mwalimu akimshika kidevu, wakapita shamba kwa shamba akisema a. Watu waliokuwa wakimenya makaki hadi vidole vinapasuka kwa baridi sasa walilala mapema. Walishukuru, na walishukuru kweli. Walimletea kachumbari ya figili, soksi za kufuma, mchele mpya. Mwalimu alimfundisha kuwajibu arigato, yaani ahsante, neno lisilohitaji vokali yoyote zaidi ya a, i na o. Kwa hiyo mtoto aliyewatilia watu utamu wa mwaka mzima alisimama garini akiwashukuru wao. Wapo wanaolikumbuka hilo.

Vokali nyingine zilifuata. I ilifanya mbwa wa jirani wakae chini. U ilizima viberiti. O ilisogeza saa za ukutani mbele dakika moja, na mkuu wa stesheni aliomba kwa adabu ifanyiwe mazoezi Jumapili tu. E haikuja. Mwalimu alijaribu biskuti, akajaribu mpini wa kijiko, akajaribu mshumaa mbele ya mdomo. Kwa mazoezi alichagua neno fupi kuliko yote lenye e: te, ambalo maana yake ni mkono. "Te, te, te," walisema watoto wa darasa zima, wakiwa wameikalia mikono yao. Sumie alipata ta, alipata ti. Hata jina lake liliishia njiani. Aliwaambia wageni anaitwa Sumi, yaani Makaa, nao waliinama wakasema wamefurahi kumfahamu Makaa.

Lugha aliipata bafuni. Walimu hawakuingia bafu la wasichana, na humo, kwenye mvuke, wasichana ishirini walikaa ndani ya maji ya moto hadi shingoni na mikono yao nje. Aliyetawala alikuwa Fusako, aliyemzidi Sumie miaka minne. Baba na mama yake Fusako walikuwa viziwi wote wawili, washona nguo, kwa hiyo yeye alizaliwa ndani ya lugha ya mikono kama wengine wanavyozaliwa ndani ya nyumba. Kwa miezi mitatu Sumie alijifunza bafuni kile ambacho darasa halikumpa kwa miaka: jana, kesho, wivu, mvua ya mawe, kwa nini. "Mtazame Tazawa akiongea," Fusako alimwambia kwa vidole vinavyodondosha maji. "Samaki aliyesahau alichotumwa dukani." Sumie alicheka hadi akameza maji ya kuogea. Alimshukuru Fusako maisha yake yote, na alikuwa na neno la kumshukuru nalo: ubavu wa kiganja unaopanda juu kutoka mgongo wa mkono wa pili, kama mpiga mieleka wa sumo anayepokea zawadi yake.

Nyumbani, Jumamosi na Jumapili, lugha hiyo haikuingia. Mama yake, Kiyo, alikuwa mjane mwenye mikaki saba na barua moja ya shule, aliyoibandika kando ya kalenda. Barua ilisema mzazi atakayetumia mikono anaua sauti ya mwanawe. Kiyo alikuwa mtu wa kutii. Aliongea kwa midomo, polepole, akikaza uso, na midomo peke yake haisemi mengi. Tamago, mayai, na tabako, tumbaku, kwa macho ni kitu kimoja: a, a, o. Kiyo alisema mayai, Sumie akaleta kopo la tumbaku la marehemu baba yake. Kiyo alisema tena. Sumie alirudi na kiberiti. Walikula wali mtupu, wakatabasamiana.

Siku moja, Sumie akiwa na miaka kumi, alijipapasa shavu kwa kidole cha shahada, kisha akainua kidole kidogo. Ni neno mama. Kiyo alitazama barua. Akaushika mkono wa mwanawe, akaulaza kwenye mkeka, akaukandamiza pale hadi wali ukaiva. Sumie hakurudia. Lakini tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja duniani, nacho kilikuwa neno moja kutoka kwa mama yake, neno ambalo hatalazimika kulibahatisha.

Alipofika miaka kumi na saba, siku moja kabla ya msimu wa makaki, alipita dirishani pa darasa la wadogo. Chiyomi, mtoto wa miaka saba aliyeanza shule mwezi Aprili, alikuwa amefungwa mikono kwa taulo nyuma ya kiti. Alikuwa amemwomba mwenzake kifutio.

Kesho yake gari lilisimama katika shamba la Bwana Ushioda, mwenyekiti wa ushirika. Mwalimu Tazawa alimshika Sumie kidevu. Sumie alifungua mdomo, akaufunga. Akachukua kifuniko cha kasha na brashi ya kuandikia madaraja ya matunda, akaandika: Fungueni mikono ya watoto, nami nitafungua mdomo.

Bwana Ushioda aliwasomea wote, pamoja na wasio na miwani. Kisha akasema, "Binti, tunaomba a moja tu. Mtu akipiga miayo anaitoa bila kukusudia."

Watu walicheka. Mke wa jirani alisema msichana mwenyewe haisikii hiyo a, anawanyima kitu asichokijua. Mwingine akamjibu kwamba kaki anakula, kwa hiyo anakijua.

Siku ya pili alikuja Mkuu wa Shule. Alieleza kwamba suala la mikono litapelekwa kwenye kikao cha mwaka ujao, kwamba shule ina mbinu yake, na kwamba mbinu hiyo ndiyo iliyompa Sumie sauti, hivyo kuizuia sauti ili kuishutumu mbinu ni kukosa shukrani. Mwalimu Tazawa alisimama nyuma yake akifuta macho kwa leso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempa Sumie asubuhi zake zote kwa miaka kumi na mmoja, na hakumuuliza hata mara moja alikuwa akiwaza nini.

Fusako, ambaye sasa alishona pamoja na wazazi wake mjini, alikuja kwa basi, akasimama kando ya gari, akamtafsiria kila kitu na kuongeza chake. "Mkuu anasema usikose shukrani. Hiyo suruali yake kaishona baba. Miaka sita anavaa suruali za baba, na bado hajajifunza kumwambia ahsante kwa namna ambayo baba ataiona."

Siku ya nne makaki yalianza kulainika mitini, yasifae tena hata kuanikwa, na ya Kiyo pia. Watu walimwendea nyumbani.

"Mama Sumie, zungumza na mwanao."

"Nizungumze naye kwa kutumia nini?" Kiyo aliuliza.

Walidhani hajaelewa, wakaondoka.

Saa sita mchana Kiyo alitokea shambani kwa Ushioda amevaa aproni iliyofungwa mafundo mawili mgongoni. Alisimama mbele ya gari. Akafuta mikono. Kisha, mbele ya bonde zima, mbele ya Mkuu wa Shule, alijipapasa shavu kwa kidole cha shahada, akainua kidole gumba.

Gumba ni baba. Kidole kidogo ndicho mama. Kiyo alikuwa amejifunza neno hilo peke yake, kwa miaka saba, mbele ya kioo kidogo cha kunyolea cha marehemu mumewe, kutokana na mara ile moja alipoliona na kulikandamiza mkekani, na kioo hakikumsahihisha. "Mimi ni baba yako," alimwambia mwanawe. Fusako alijifunika uso.

Sumie alishuka garini. Alimshika mama yake mkono, akakilaza kile kidole gumba, akakiinua kidole kidogo, kama Mwalimu alivyomwinulia kidevu miaka yote, ila yeye hakubana. Kiyo alikitazama kidole chake kidogo kwa makini. Akarudia neno tangu mwanzo, na gumba likasimama tena.

Sumie akacheka, na kicheko kilikuwa e.

Ilikuwa e fupi, midomo imelegea, ulimi umeinuka nusu, wala hapakuwa na biskuti. Mwalimu Tazawa aliisikia, na kwa mazoea akatafuta daftari mfukoni. Mafundo yote ya bonde yakafunguka. Aproni ya Kiyo ilianguka. Zikaanguka kamba za makasha, vilemba vya wanawake, gidamu za makubazi, na suruali ya kazi ya Bwana Ushioda, aliyoiwahi magotini. Suruali ya Mkuu wa Shule haikuanguka kwa sababu mkanda wake ulikuwa na bizimu ya chuma, na Mkuu aliliwaza jambo hilo kwa muda. Shuleni, taulo lilimteleza Chiyomi mikononi likaenda sakafuni. Akageuka kwa mwenzake, akaomba kifutio, akapewa.

Watu waliokota vitu vyao. Bwana Ushioda, mkono mmoja ukiwa kiunoni, aliuliza kwa upole kama sasa ile a ingewezekana. Kifuniko cha kasha kilikuwa bado kimeegeshwa garini, na maandishi yake yakisomeka. Lakini Sumie siku hiyo alikuwa amejaa shukrani hadi shingoni na ilibidi aimwage mahali. Alisema a. Bonde zima likawa tamu hadi kwa kunguru. Wapo wanaosema hapo ndipo alipokosea. Wanaokumbuka uso wake hawamlaumu.

Mwalimu Tazawa aliandika: Sumie, e, sahihi. Alimpongeza, kwa sababu sasa angeweza kusema mkono.

Kikao cha mwaka uliofuata kilipitisha azimio la kumshukuru Sumie. Kisha Mkuu aliwaomba wakazi mikanda ya mabegi ya shule yaliyochakaa, ile ya ngozi yenye bizimu, na wakazi, kwa shukrani, walitoa arobaini na mitatu. Mkanda wa bizimu hauna fundo. Chiyomi alifungwa wa kwake Jumatatu, nyuma ya kiti kilekile. Kanuni iliyokuwa juu ya ubao ilipakwa rangi upya mwaka huo, na mara mbili baadaye.

Nyumbani Kiyo hakuibandua barua, kwa kuwa ilikuwa imeshikana na ukuta. Alining'iniza kalenda juu yake. Kila Jumamosi aliketi mbele ya mwanawe akiwa amenawa mikono, na gumba likaendelea kusimama pasipotakiwa, na Sumie akaendelea kucheka, hata Kiyo akaacha kufunga aproni akawa anaibana kwa pini. Jioni moja ya Novemba, sufuria ikiwa motoni, alikutanisha mikono yake miwili mbele ya kifua, akaitenganisha kama anayepasulia kitu bakulini.

Sumie alitoka, akarudi na mayai mawili. Kiyo aliyapokea, akayaweka chini ili mikono iwe huru, akapandisha ubavu wa kiganja kutoka mgongo wa mkono wa pili. Hilo hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa mpenzi wa sumo tangu utotoni.