Mtaa Uliofifia Kwenye Ramani

Saa nne na robo asubuhi Lesia Petrachuk alikuwa amekula nusu ya mkate wake wa mayai, na ukanda wa kijivu ulikuwa bado upo. Ulilala kwenye skrini ya simu, pembeni mwa ramani ya mji, juu ya mtaa wa Kessler na si kwingineko. Programu ile, aliyokuwa akiitengeneza, ilikuwa ya kuwaonyesha watu usafi wa hewa wanayoivuta: kijani katikati ya mji, kikizidi kufifia kuelekea pembezoni mpaka kiishe kabisa. Hapo Kessler kijani hakikufifia vizuri, kilichafuka kwanza.

Saa tisa wakubwa wa kiwanda cha chuma cha Brannock, waliolipia kazi hiyo, wangekuja kuikagua. Duncan, bosi wake, alikuwa amekwisha kupita mezani kwake mara tatu, na mara ya tatu aliuliza kama uchafu ule ni wa ramani au ni wa kioo, maana kioo kinafutika.

Simu ikaita. Alikuwa Orest, baba yake, aliyefanya kazi kwenye tanuri za Brannock miaka thelathini na moja na sasa anaishi Kessler namba kumi na saba, pamoja na kilichobaki cha mapafu yake.

"Kuna ukanda wa kijivu umepita jikoni," alisema. "Kutoka kwenye friji mpaka dirishani. Nimesugua kwa sabuni, hautoki."

Lesia akamwuliza ulianza lini. Jana saa nane mchana, akajibu. Ndiyo saa ileile Lesia alipoipakia ramani mtandaoni. Akamwambia asiendelee kusugua, kosa ni lake yeye Lesia na analishughulikia.

"Haya, mwanangu. Ila fanya haraka. Majirani wameshaanza kuuliza kama ni kazi yako."

Orest hakukata simu. Lesia akageuza rangi kuwa zambarau ili aone ukanda unaanzia wapi, kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo. Orest akaripoti kwamba mapazia yamekuwa zambarau, na vareniki, madonge ya unga na viazi yaliyomo sufuriani, pia, ila ladha ni ileile.

Kufikia saa sita alikuwa ameshajua. Kijani kile alikuwa amekiagiza kifikie "wazi", yaani kisionekane, na kwa kompyuta "wazi" ni nyeusi isiyoonekana. Rangi ikiwa njiani kwenda huko, weusi unachungulia. Ni kosa la wanafunzi, naye ana miaka kumi na moja kazini. Akaona aibu. Lakini kwa nini Kessler tu? Akafungua orodha ya vipima hewa. Vya Kessler vilikuwa viwili, kwenye nguzo za taa, na vyote vilikuwa vimefutwa, jina la Duncan likiwa limeandikwa pembeni. Mtaa haukuwa na takwimu hata moja. Rangi ilikuwa inaangukia mahali patupu.

Akavirudisha. Kessler ikawaka nyekundu, rangi ya hewa mbaya.

Orest alikohoa mbali na simu.

"Sasa nauona huo wekundu," alisema. "Unaingia chini ya mlango. Miaka yote hii daktari ananiambia ni sigara, na mimi sijawahi kuvuta. Uache hivyohivyo, Lesia."

Duncan alikuwa amesimama nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Nyekundu mbele ya Brannock? Hapa tuko watu kumi na wanne. Nenda ukawaambie mmojammoja kwamba kazi imekwisha."

Lesia alitazama saa mpaka ikafika tisa kasoro dakika kumi. Kisha akavifuta vipima, na pale alipoandika "wazi" akaandika kijani kilekile, kisichoonekana. Huo ndio ufumbuzi sahihi, kila kitabu cha kazi kinasema hivyo. Ukanda ukaondoka. Kijani kikafifia bila doa hata moja, na mtaa wa Kessler ukafifia nacho.

"Siioni mikono yangu," alisema Orest kwenye simu. Baadaye akasema, "Basi, nimeelewa," akakata.

Wakubwa wa Brannock walipitisha vidole juu ya ramani, wakasema ni laini, inapendeza.

Jumapili Lesia aliendesha gari mpaka mahali nyumba zinapoacha kuonekana, akaliegesha, akaenda kwa miguu akipapasa ua mmoja wa nyumba baada ya mwingine. Watu wa Kessler walikuwa wameanza kuvaa kengele shingoni ili wasigongane. Mwenye kengele mmoja akamsalimu na kulalamika kwamba mtu wa posta amekata tamaa. Kwenye namba kumi na saba mlango ulifunguka wenyewe.

"Kaa kiti cha kushoto," alisema baba yake. "Cha kulia nimekalia mimi."

Akaketi. Meza haikuonekana, wala sahani, wala ukuta. Masizi tu ndiyo yaliyoonekana, yakishuka polepole kutoka upande wa kiwanda na kutulia juu ya kila kitu, hata umbo la meza likajitokeza. Alisubiri. Baada ya robo saa aliweza kuyaona mabega ya baba yake, meusi, yakitikisika kila alipokohoa.